Khutba ya Ijumaa: Kujenga na Kutunza Nyumba za Wasio na Uwezo

KHUTBA YA KWANZA

Sifa zote njema anazistahiki Mwenyezi Mungu, Muumba wa mbingu na ardhi, aliyewajaalia wanaadamu majumba wapate kustirika na kupumzika ndani yake. Tunamhimidi, tunamwomba msaada, na tunamwomba msamaha wa dhambi zetu za dhahiri na za siri. Tunashuhudia kwamba hapana apasaye kuabudiwa kwa haki ila Yeye peke yake, na tunashuhudia kwamba Bwana wetu Muhammad ni mja wake na Mtume wake. Rehema na amani zimfikie yeye aliyebeba matofali kwa mikono yake mitukufu, na ziwafikie jamaa zake na Masahaba zake wote.

Ama baad. Enyi waja wa Mwenyezi Mungu, nakuusieni nyinyi pamoja na nafsi yangu tumche Mwenyezi Mungu katika yale tunayoyatenda mbele za watu na yale tunayoyatenda milango ikiwa imefungwa.

Ndugu Waislamu mliohudhuria hapa Nkunga, na nyinyi mnaotusikiliza majumbani na madarasani, leo nataka tulizungumze jambo ambalo kila mtu ana habari nalo, lakini wachache hulihesabu kuwa ni sehemu ya dini. Jambo lenyewe ni nyumba ijengwayo kwa ajili ya mtu asiyeweza kujijengea mwenyewe. Huyo huenda akawa mjane, au mzee aliyefiwa na watoto, au kaya ya mjini iliyoishi miaka mingi katika nyumba ya shirika, au mwalimu aliyeletwa kijijini asiye na shamba wala jamaa. Nyumba kama hiyo hujengwa na Serikali, au na wakfu, au na majirani. Swali letu la leo ni hili: Je, yule atakayelala ndani yake ana sauti gani katika ujenzi wake? Na sisi tunaomzunguka tuna wajibu gani baada ya mlango kutiwa kitasa?

Mwenyezi Mungu Mtukufu, katika Suratun Nahl, anaihesabu nyumba miongoni mwa neema zake, na neno linalotumika pale lina maana ya utulivu. Basi kusudio la nyumba ni moyo kutulia. Kuta zikisimama na moyo usitulie, kazi haijakamilika. Sisi wa Rungwe hatuhitaji kusomewa kitabu ili tuijue thamani ya dari. Nchi hii ya Tukuyu hupata mvua zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na baridi ya mlima huingia mifupani. Mwenye paa linalovuja huku kwetu hulala ameketi. Mtoto wake huenda shule na daftari lililoloa, na mzee wake hukohoa mpaka alfajiri. Kumwacha jirani katika hali hiyo, nasi tuna mianzi, tuna udongo wa tofali na tuna mikono, ni jambo ambalo tutaulizwa.

Ndugu zangu, tutazame Mtume wetu (S.A.W.) alivyofanya alipofika Madina. Kazi yake ya mwanzo ilikuwa ni kujenga. Uwanja uliochaguliwa ulikuwa ni wa mayatima wawili, Sahl na Suhail. Wao walitaka kuutoa bure kwa ajili ya Mwenyezi Mungu. Mtume (S.A.W.) hakukubali, akataka uthaminiwe na thamani yake ilipwe. Zingatieni jambo hilo. Hakuna jengo lenye kheri kubwa kuliko msikiti ule, na hata hivyo haki ya mayatima haikuliwa kwa kisingizio cha manufaa ya umma. Kuta zikajengwa kwa matofali ya udongo, nguzo zikawa ni magogo ya mitende, na paa likaezekwa kwa makuti. Mtume mwenyewe akabeba pamoja na watu. Ammar bin Yasir alikuwa akibeba matofali mawili mawili, na wenziwe wakibeba moja moja. Akafika mtu mmoja aitwaye Talq bin Ali, aliyekuwa hodari wa kukanda udongo, na Mtume (S.A.W.) akaagiza aachiwe kazi ile kwa kuwa yeye ndiye aliyeijua vizuri kuliko wengine. Kila mtu akawekwa mahali pa ujuzi wake.

Kisha pakatengwa sehemu yenye kivuli nyuma ya msikiti, iitwayo Suffa, ikawa ndiyo makazi ya watu waliohama bila mali wala jamaa. Abu Huraira (R.A.) alikuwa miongoni mwao. Watu hao hawakuwekwa pale kama mizigo. Walisoma, walifundisha, walichota maji, walikata kuni, na walitumwa kwenda kuwaongoza wengine. Kutoka katika kivuli kile cha maskini ndiko ilikotoka sehemu kubwa ya elimu tunayoisoma hadi leo. Na watu wa Madina waliokuwa na mashamba walikuwa wakileta vishada vya tende na kuvitundika msikitini ili wenye njaa wale. Pakatokea aliyeleta kishada kibovu, na wanazuoni wa tafsiri wanasimulia kwamba hiyo ndiyo sababu ya kuteremshwa aya katika Suratul Baqara inayowakataza waumini kutoa vile vibaya ambavyo wao wenyewe wasingevipokea ila kwa kufumba macho.

Basi katika habari hizi mna mafunzo matatu. La kwanza, haki ya mtu katika ardhi isiguswe. La pili, mwenye kusaidiwa awe ni mshiriki katika kazi na katika maisha ya jamii. La tatu, tusimpe maskini nyumba ambayo sisi wenyewe tusingekubali kulala ndani yake usiku mmoja.

Sasa na tutazame nchi yetu ilivyopita katika jambo hili, kwani anayesafiri bila kutazama nyuma hupotea njia aliyokwisha kuipita. Baada ya uhuru, mwaka 1962, Serikali ya Tanganyika iliunda Shirika la Nyumba la Taifa. Nia ilikuwa ni njema. Katika miaka ile ya mwanzo, nyumba mbovu za udongo katika baadhi ya sehemu za Dar es Salaam, kama vile Magomeni, zilibomolewa, na mahali pake pakajengwa nyumba za matofali ya saruji. Lakini ikaonekana kwamba gharama ni kubwa, na kwamba nyumba inapobomolewa na nyingine kujengwa mahali pale pale, idadi ya nyumba haiongezeki sana, na hali watu wanaohamia mjini huongezeka kila siku.

Kwa hiyo kuanzia mwaka 1972 Serikali ikageuza njia. Badala ya kubomoa na kumjengea mtu kila kitu, ikapima viwanja, ikapitisha barabara na maji, na mwananchi akajenga mwenyewe kwa kadiri ya uwezo wake. Hivyo ndivyo zilivyoanza Sinza, Kijitonyama na Mikocheni. Na Manzese, ambako watu walikuwa wamekwisha jijengea, hawakubomolewa wote. Walipelekewa barabara, maji na taa. Hapo Serikali ilitambua jambo ambalo mkulima wa migomba analijua, kwamba chipukizi lililokwisha shika ardhi hulitilii kitu ila mbolea. Hulingʼoi ukapanda lingine.

Mwaka 1971 ilipitishwa sheria iliyotwaa majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, nayo yakawekwa chini ya Msajili wa Majumba. Wengi wenu wazee mnakumbuka jina la nyumba za Msajili. Mwaka 1990 kazi za Msajili ziliunganishwa na Shirika la Nyumba. Katika majengo ya namna hiyo, yawe ni ya nchi hii au ya nchi nyingine, kuna maradhi yanayojulikana. Bomba linapovuja, mpangaji wa juu husema ni kazi ya ofisi. Mpangaji wa chini husema maji yanatoka kwa wa juu. Ofisi husema kodi haitoshi. Maji yanaendelea kuvuja, na ukuta unaoza. Mali ya wote ikikosa mwenye kuitazama huwa kama mali ya yatima asiye na walii.

Msidhani kwamba maradhi haya ni ya mali ya Serikali peke yake. Sisi Waislamu tunayo mali ya wakfu, na wakfu ndiyo nyumba ya kusaidiana iliyo kongwe kuliko zote. Sayyidna Umar (R.A.) alipopata shamba kule Khaibar alimtaka ushauri Mtume (S.A.W.), naye akamwelekeza azuie asili yake isiuzwe, isitolewe zawadi wala isirithiwe, na mapato yake wapewe wenye haja. Kwa msingi huo wazee wetu wa Zanzibar waliweka wakfu nyumba nyingi katika Mji Mkongwe, na mwaka 1905 pakaundwa Kamisheni ya kuzisimamia. Familia nyingi za watu wasio na uwezo zimestirika humo kwa kodi ndogo. Lakini kodi ndogo aghlabu haiwezi kununua chokaa, boriti na mbao za kutengenezea nyumba ya mawe iliyopigwa na mvua za miaka mia. Mji ule uliingizwa mwaka 2000 katika orodha ya urithi wa dunia, na hata hivyo nyumba kadhaa zimebomoka. Aliyeweka wakfu alitimiza sehemu yake. Je, sisi tulioachiwa tumetimiza yetu? Sadaka ya kudumu haidumu kwa nia ya marehemu peke yake. Hudumu kwa mikono ya walio hai.

Enyi ndugu, ipo mifano ya kutia moyo vilevile. Katika mtaa wa Hanna Nassif, Kinondoni, maji ya mvua yalikuwa yakiingia majumbani kila masika. Kuanzia mwaka 1994 wakazi wenyewe, kwa msaada wa wataalamu wa Chuo cha Ardhi na mashirika ya Umoja wa Mataifa, walishiriki katika kupanga na kujenga mifereji na njia za mtaa wao. Kazi walipewa watu wa pale pale, wanaume kwa wanawake, wakalipwa ujira. Mtu aliyeuchimba mfereji kwa jembe lake hawi mwepesi wa kuutupia taka.

Na mfano mwingine ni wa watu wa Kurasini. Bandari ya Dar es Salaam ilipopanuliwa, kiasi cha mwaka 2008, kaya nyingi zilitakiwa kuondoka, na wapangaji ndio waliokuwa katika dhiki zaidi, kwani fidia ni ya mwenye nyumba. Baadhi yao walikuwa katika vikundi vya kuweka akiba. Wakakusanya fedha kidogo kidogo na, wakisaidiwa na asasi iitwayo Centre for Community Initiatives, wakanunua shamba la ekari 30 kule Chamazi. Wakaunda ushirika wa nyumba, wakajifunza kufyatua matofali, wakachora nyumba zao pamoja na wataalamu, wakaanza kujenga. Siwaambii kwamba mambo yote yalikuwa mepesi. Chamazi ni mbali na bandari walikozoea kupata riziki, na mkopo wa nyumba ni mzito kwa mtu wa kibarua. Lakini watazameni. Mpangaji ambaye jana aliamriwa kuondoka, leo ameketi katika mkutano akisema mlango wangu uelekee huku.

Mnazijua pia habari za Magomeni Kota. Kaya 644 ziliondolewa katika nyumba zao ili pajengwe upya, zikangoja takriban miaka kumi. Mwaka 2016 Rais John Pombe Magufuli aliahidi kwamba nyumba mpya zitajengwa na wale wale walioondolewa watarudishwa, na mwezi wa Machi mwaka 2022 Rais Samia Suluhu Hassan akazifungua nyumba hizo za ghorofa. Kaya zile zilijulikana kwa idadi, hazikuyeyuka katika jiji, na ahadi ikapata mtu wa kutimiziwa. Lakini miaka kumi katika umri wa bibi kizee ni mingi sana. Wako waliokufa wakingoja. Kwa hiyo yeyote mwenye mamlaka, mkubwa au mdogo, anapomwambia mtu ondoka nitakujengea, ajue kwamba amejifunga kwa ahadi, na ahadi ni deni.

Ndugu Waislamu, na tuje sasa kwetu Nkunga. Hapa hapana majumba ya Shirika wala ya wakfu wa Masultani. Lakini nyumba ya mwalimu ikijengwa kwa nguvu za kijiji, hiyo ni nyumba ya umma. Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, ulioanza mwaka 2000, uliposaidia vijiji kujenga, ulitaka wananchi wachague mradi wao na watoe nguvu zao. Na mjane akiezekewa mabati na majirani zake, hiyo pia ni nyumba ya kusaidiana, ingawa haikuandikwa katika daftari la ofisi yoyote.

Wala jambo hili si geni katika nchi hii ya Wanyakyusa. Wataalamu waliokuja hapa katika miaka ya 1930, Godfrey Wilson na mkewe Monica, walistaajabu kuona vijiji vya marika, vijana wa rika moja wakijenga pamoja na kukaa pamoja. Waliandika juu ya neno ambalo wazee wa hapa wanalijua, ukwangala, yaani kufurahiana na kuishi kwa ujirani mwema. Mila hubadilika, na si kila mila ya zamani inakubaliana na sheria yetu. Lakini hili la kujenga kwa pamoja na kuishi kwa wema, Uislamu umekuja kulitia nguvu, haukuja kulivunja.

Nataka sasa nikutajieni mambo matano ya kufanya, ili khutba isiwe ni upepo upitao.

La kwanza ni kuuliza. Mwenyezi Mungu amewasifu waumini katika Suratush Shura kwamba mambo yao huwa ni kwa mashauriano. Hakusema mambo ya matajiri wao tu. Tuchukue mfano. Majirani wanamjengea bibi kizee nyumba ya matofali yenye mabati yanayongʼaa. Siku ya kumkabidhi watu wanafurahi. Baada ya miezi miwili wanamkuta yungali analala katika kibanda chake cha zamani, na nyumba mpya imejaa mahindi. Wanamwita asiye na shukurani. Lakini nani alimwuliza? Angaliulizwa, angesema kwamba miguu yake inauma kwa baridi na hawezi kulala mbali na moto, kwamba nyumba ile haina jiko, kwamba choo kimewekwa bondeni na yeye hawezi kupanda kilima usiku. Maneno matatu yangalitosha. Msaada usiotanguliwa na swali humtuliza mtoaji, na mpokeaji hubaki na dhiki yake.

La pili ni ardhi na maandishi. Kabla ya tofali la kwanza kuwekwa, ijulikane kiwanja ni cha nani. Tumeona wajane wakijengewa na majirani, kisha mwaka wa pili wakafukuzwa na ndugu wa marehemu. Iko Sheria ya Ardhi ya Vijiji Namba 5 ya mwaka 1999, nayo inampa mwanamke haki ya kumiliki ardhi sawa na mwanamume. Liko Baraza la Kijiji. Na liko fungu la mirathi ambalo Mwenyezi Mungu mwenyewe amemkadiria mke. Yaandikwe, na mashahidi watie sahihi. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qurani ni ile inayoamrisha kuandika madeni. Dini hiyo haiwezi kuridhia haki ya mjane ikae katika midomo ya watu tu.

La tatu ni mikono, na mikono isiyolazimishwa kwa dhulma. Fundi mwashi atoe ufundi wake, mwenye mianzi atoe mianzi, vijana wa madrasa wachote maji, mwenye gari la kukodi abebe mchanga siku moja. Mgonjwa na yatima wasidaiwe. Ni aibu kubwa kumnyangʼanya maskini kuku wake kwa jina la mchango wa kuwasaidia maskini. Na yule anayejengewa, ikiwa ana nguvu ya kushika hata sepetu, ashike. Hilo si malipo. Ni heshima yake, ili kesho asiinamishe kichwa mbele ya watu akisema nimebebwa.

La nne ni matunzo. Hapa ndipo tunaposhindwa wengi. Siku ya kujenga huja watu mia, na siku ya kuziba tundu la bati haji mmoja. Palikuwa na mtu katika Madina aliyekuwa akifagia msikiti. Akafa usiku, watu wakamzika bila kumwarifu Mtume (S.A.W.), wakiona jambo lake ni dogo. Alipomkosa aliuliza, kisha akaenda kaburini kumsalia. Mfagiaji alitafutwa na Mtume wa Mwenyezi Mungu! Basi kila nyumba tuliyoijenga kwa pamoja iwe na watu wawili au watatu walioteuliwa kuitazama kabla ya masika: mifereji ya maji, misumari ya mabati, choo, kuta za upande wa mvua. Kuwe na kisanduku cha matengenezo, kila kaya ikitia kidogo kwa mwezi, na hesabu yake isomwe hadharani. Fedha isiyosomwa hesabu huzaa shaka, na shaka huua ushirika. Na mpangaji wa nyumba ya shirika au ya wakfu ajue kwamba kodi anayoizuia bila dharura anaizuia kwa bati la mwenziwe. Anayepangisha kwa siri nyumba aliyopewa kwa ajili ya umaskini wake, akala faida na maskini mwingine akalala nje, huyo amekhini amana.

La tano ni kampani baada ya ujenzi. Mwaka 1973 nchi yetu ilifanya kampeni ya Mtu ni Afya. Watu takriban milioni 2 walikuwa wakikusanyika katika vikundi mbele ya redio, wakisikiliza, wakishauriana, kisha wakiinuka kwenda kuchimba vyoo na kufyeka majani yaliyozunguka nyumba zao. Siri yake ilikuwa ni kwamba hawakuambiwa tu. Walikaa pamoja wakaamua. Nasi tusikilizapo khutba hii, tusiifunge redio tukalala. Kila mtaa ujiulize: ni nani kati yetu ambaye mvua ijayo itamkuta hana paa? Na ni nani tuliyemjengea tukamsahau? Mzee aliye peke yake katika nyumba nzuri, asiyebishiwa hodi wiki nzima, bado hana makazi kamili.

Na huenda mtu akasema, kazi hii ni ya Serikali. Nasema, Serikali ina wajibu wake, na ni haki yenu kuudai kwa adabu na kwa umoja. Lakini Serikali haiishi mlango wa pili. Wewe ndiye unayesikia kikohozi cha jirani yako usiku. Na huenda mwingine akasema, mjane huyu si wa dini yetu. Nasema, Waislamu wa Rungwe tumezungukwa na majirani Wakristo, ambao kanisa lao la Kimoraviani limekuwapo hapa tangu mwaka 1891. Abdullahi bin Amr (R.A.) alipochinjiwa mbuzi nyumbani kwake, jambo la kwanza aliloliuliza ni kama jirani yake Myahudi amepelekewa fungu lake, akakumbusha jinsi Jibrili alivyomhimiza Mtume (S.A.W.) juu ya jirani hata akadhani atamrithisha. Paa linalovuja halichagui dini ya aliye chini yake.

Nayasema maneno yangu haya, na ninamwomba Mwenyezi Mungu anisamehe mimi na nyinyi na Waislamu wote. Mwombeni msamaha, hakika Yeye ni Mwingi wa kusamehe, Mwenye kurehemu.

KHUTBA YA PILI

Sifa njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wake Muhammad, na jamaa zake na Masahaba zake.

Enyi waja wa Mwenyezi Mungu, katika Suratul Maun wanatajwa watu wanaosali na wakanyima vitu vidogo vya kusaidiana. Wanazuoni wamevitaja vitu hivyo: chungu, ndoo, shoka na mfano wake. Tazameni jinsi Mola wetu alivyoiunganisha sala na shoka la kumwazima jirani. Basi tutakapotoka hapa, sala yetu itafuatwa na nini? Nakuombeni wazee wa mtaa na vijana wa madrasa mkutane kabla ya Ijumaa ijayo, muandike majina ya wenye haja bila kuwafedhehesha, mwende kwao wawili wawili, na neno lenu la kwanza liwe ni swali: Mama, sisi watoto wako tufanye lipi kwanza? Kisha msikilize mpaka amalize.

Ewe Mola wetu, zifanye nyumba zetu ziwe na utulivu, na nyumba za jirani zetu ziwe salama kwa sababu yetu. Wahifadhi wajane na mayatima, wazee wasio na mtu, na wapangaji walio katika hofu ya kuondolewa. Wape uongofu na uadilifu wale uliowakabidhi madaraka juu ya ardhi na majumba. Warehemu walioweka wakfu wakatangulia, na utuwezeshe kuyatunza waliyotuachia. Tuteremshie mvua yenye baraka isiyoleta maangamizi, na usitujaalie kuwa miongoni mwa wanaojenga kuta na kuvunja nyoyo. Usamehe wazazi wetu na walimu wetu, na Waislamu wanaume na Waislamu wanawake, walio hai na waliokufa. Amin.

Inukeni, Mwenyezi Mungu akurehemuni, tusimamishe sala.